Nataka kuuza bodi za saketi za pedali za gitaa: nianzie wapi?

Swali: Kwa muda sasa nimekuwa nikibuni bodi za saketi za pedali za gitaa, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, kwa ajili ya marafiki wanaopenda kujiundia pedali zao wenyewe. Bodi hizo zinafanya kazi, na watu nisiowafahamu wameanza kuziulizia. Nina michoro kumi na miwili iliyo tayari. Je, niiweke yote sokoni kwa pamoja? Nipange bei kwa njia gani? Baadhi ya saketi nimezinakili kutoka kwenye pedali maarufu. Je, hilo linaruhusiwa? Niuze bodi tupu au seti kamili yenye vipuri vyote? Na ni wakati gani mtu anaweza kuacha ajira akaitegemea biashara ya namna hii?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla sijayagusa maswali yako, naomba tukubaliane kwanza juu ya kitu ambacho mteja wako anakinunua, kwa sababu majibu yote yanategemea hapo. Bodi yenyewe ni kipande cha nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa epoksi, chenye unene wa milimita 1.6, kilichobandikwa shaba yenye unene wa mikromita 35 kila upande. Kiwanda chochote cha bodi kitamtengenezea kipande hicho mtu yeyote atakayetuma faili, na michoro ya saketi za zamani imejaa tele kwenye intaneti. Kinachomfanya mtu akulipe wewe ni uhakika kwamba akinunua vipuri ulivyoviorodhesha na kuvilehemu mahali ulipomwelekeza, pedali itatoa sauti iliyokusudiwa, nayo itaingia ndani ya kasha bila kukatwakatwa. Uhakika huo ndio bidhaa, na unatokana na majaribio yako pamoja na hati ya maelekezo unayoiambatanisha, si na ustadi wa kuchora njia za shaba peke yake.

Kwa hiyo usiiweke sokoni michoro yote kumi na miwili. Chagua mitatu. Kila mchoro unaouongeza unakudai mfano wa majaribio, hati, picha, rekodi ya sauti, akiba ya bodi rafuni na, baada ya hayo yote, ujumbe wa wateja waliokwama. Mauzo nayo hayagawanyiki sawasawa: kwa kawaida bodi moja au mbili hubeba duka zima, na zilizobaki huwa ni mtaji uliolala. Ukianza na michoro kumi na miwili, utakuwa umelaza mtaji mwingi kabla hujajua ni ipi inayotembea.

Katika hiyo mitatu, mmoja uwe wa mtu ambaye hajawahi kulehemu. Fazi, yaani pedali ya kuikwaruza sauti, ya transista mbili inafaa sana kwa kazi hiyo. Saketi ya Fuzz Face, ambayo Arbiter ya Uingereza iliitoa mwaka 1966, ina vipande 11 tu: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na potenshiomita mbili (rezista za kuzungusha kwa kitufe). Hata hivyo, wepesi huo una mtego ndani yake, kwa sababu transista za awali zilikuwa za jemaniamu, ambazo huvujisha umeme, hubadilika kadiri ya joto, na hata mbili zenye namba moja hazilingani. Mwanagenzi akipewa toleo la jemaniamu atapata sauti iliyokatika-katika na ataamini kwamba bodi yako ni mbovu. Mpe toleo la silikoni, kisha weka trimpoti, yaani potenshiomita ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi, itakayomwezesha kurekebisha volteji ya kolekta (mmoja wa miguu mitatu) ya transista ya pili mpaka ifike karibu na volti 4.5, na hati imwonyeshe mahali pa kugusisha ncha za multimita. Mchoro wa pili uwe ovadraivu, yaani pedali ya kuipa sauti ukali, yenye opampu (chipu ya kukuza mawimbi ya sauti), kwa kuwa soko lake ni pana na chipu hizo hazisumbui. Wa tatu ndio uwe wa moyo wako, ule ambao hakuna duka jingine linao.

Unapochagua, usiangalie sauti pekee. Chunguza pia kama vipuri vyake vitaendelea kupatikana. Biashara nyingi za aina hii hazifi kwa kukosa wateja, bali hufa kwa kuuza bodi ambayo mteja hawezi kuijaza vipuri. Chipu za mwangwi za zamani, kama MN3005 ya Panasonic, ziliacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita, na zinazozunguka leo kwa jina hilo kutoka kwa wauzaji wasiojulikana mara nyingi ni bandia. Ukitaka bodi ya mwangwi, saketi inayotumia chipu ya PT2399 ni salama zaidi, ingawa mabingwa wa sauti watakunung'unikia. Hali ni hiyo hiyo kwa transista ya J201, ambayo imekuwa adimu katika umbo la kawaida la miguu mitatu, TO-92, lakini ingali inapatikana katika umbo dogo la kubandikwa juu ya bodi, SOT-23. Dawa yake ni rahisi na haiongezi gharama yoyote: katika nafasi ile ile ya bodi, chora matundu ya TO-92 na pedi za SOT-23 kwa pamoja, ili mteja atumie kile alichokipata. Mimi huihesabu hatua hiyo ndogo kuwa alama ya mbunifu anayemfikiria mnunuzi.

Sasa tuje kwenye majaribio, ambako ningependa nikawie kidogo. Programu ya kuchorea bodi, iwe KiCad au nyingine, itakuonya njia mbili zikikaribiana kupita kiasi au waya ukisahaulika. Kiwanda nacho kitakupa kipimo cha umeme kwa kila bodi, lakini elewa kinachopimwa: mashine inalinganisha bodi na faili ulizozituma. Faili ikiwa na kosa, bodi itafaulu kipimo huku ikiwa na kosa lile lile. Makosa yanayoziua bodi za pedali kwa kawaida ni yale ambayo mashine haina namna ya kuyajua.

Chukua mfano wa potenshiomita. Katika pedali nyingi za kujiundia, potenshiomita hulehemwa upande wa nyuma wa bodi, huku rezista na kapasita zikikaa upande wa mbele, ili shafti zipenye kwenye uso wa kasha na bodi yote ining'inie juu ya potenshiomita hizo. Mbunifu aliyezoea kuziangalia kutoka mbele husahau kwamba, zikigeuzwa, mguu wa kwanza unakwenda mahali pa mguu wa tatu. Bodi inatengenezwa, inajazwa, inawashwa, na sauti inatoka vizuri. Kasoro pekee ni kwamba kitufe cha sauti kinapunguza kinapozungushwa kulia. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo, mpaka akumbuke kwamba potenshiomita ya sauti ni ya aina ya A, yaani upinzani wake hauongezeki kwa hatua zilizo sawa. Ikigeuzwa, mabadiliko yote hujazana kwenye pembe moja ya mzunguko, na sehemu kubwa iliyobaki haifanyi chochote cha maana. Mteja hatakuambia kwamba miguu imegeuzwa. Atakuambia tu kwamba pedali yako haina sauti nzuri, naye hatarudi.

Transista nazo zina mtego unaofanana na huo. 2N5088 ukiitazama upande wake bapa, miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ina emita, besi na kolekta. BC549, ambayo wengi huiona kuwa mbadala wake, ina kolekta, besi na emita. Ukichora umbo la transista kwa rangi nyeupe juu ya bodi bila kuandika herufi E, B na C pembeni ya matundu, umemwachia mteja kamari. Herufi hizo tatu hazina gharama yoyote kiwandani, nazo zitakuokoa na ujumbe mwingi wa malalamiko.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuagiza kwanza bodi chache za mfano, kwa kawaida tano, kwa kuwa ndicho kiwango cha chini katika viwanda vingi vinavyohudumia wabunifu wadogo. Jaza ya kwanza mwenyewe, lakini kwa kufuata hati yako neno kwa neno, bila kutumia kumbukumbu yako ya mchoro. Ya pili mpe mtu asiye rafiki yako wa karibu, mwenye uzoefu wa wastani, umkabidhi hati na mfuko wa vipuri, kisha unyamaze. Kila anapokuuliza kitu, usimjibu tu. Andika swali lake, kwa sababu hapo ndipo hati ina tundu. Rafiki hafai kwa kazi hii kwa kuwa ataziba matundu hayo kwa hisani yake. Ukigundua kosa, rekebisha, badilisha namba ya toleo, agiza mfano mwingine na uujaribu upya, hata kama badiliko ni la njia moja tu ya shaba. Usilegeze kanuni hii hata mara moja.

Baada ya mfano kupita, agiza bodi hamsini hivi. Bei ya bodi moja hushuka kwa kasi kutoka tano hadi hamsini, kwa sababu gharama ya maandalizi ya kiwanda hugawanywa kwa bodi nyingi, lakini ukizidi hapo unafuu hupungua huku hatari ikiongezeka. Bodi mia mbili za toleo lenye kasoro ndogo ni adhabu ya mwaka mzima. Zingatia pia vipimo: viwanda vingi vina bei nafuu maalumu kwa bodi ya safu mbili isiyozidi milimita 100 kwa 100, na bodi ya kuingia kwenye 1590B, kasha linalotumika sana kwa pedali, ambalo lina takriban milimita 112 kwa 60, inakaa ndani ya kipimo hicho bila shida. Agiza umalizio usio na madini ya risasi. Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki tangu Julai 2006, na hutaki kuwa na rafu mbili za bodi, moja ya wateja wa huko na nyingine ya wengine.

Hati ya maelekezo ndiyo sehemu ambayo wabunifu wengi huiandika usiku wa mwisho, wakiwa wamechoka, ilhali ndiyo inayosomwa na kila mnunuzi. Iwe na mchoro kamili wa saketi, orodha ya vipuri, mpangilio wa nyaya za jeki na swichi ya mguu, kiolezo cha kutobolea kasha, na jedwali la volteji. Namba ya toleo iliyo kwenye ukurasa wa kwanza ilingane na ile iliyochapwa kwenye bodi, na hati za matoleo ya zamani zibaki zinapatikana, kwa sababu kuna watu wanaonunua bodi leo na kuijaza baada ya miaka miwili.

Katika orodha ya vipuri, andika 4k7 badala ya 4.7k, kwa kuwa nukta hupotea karatasi inapochapwa vibaya, na rezista ya 47k ikikaa mahali pa 4.7k saketi nzima huyumba. Usiishie kwenye thamani ya kapasita. Taja pia umbali kati ya miguu yake, na kwa zile za elektroliti taja urefu unaoruhusiwa, kwa maana kapasita iliyozidi milimita chache huzuia kifuniko cha kasha kufunga. Kwenye kiolezo cha kutobolea chora mstari wenye urefu wa milimita 50 kamili na umwambie mteja aupime kwa rula kabla ya kushika keekee. Mashine nyingi za kuchapa hupunguza ukubwa wa ukurasa kimyakimya ili uenee karatasini, na kasha lililotobolewa kwa kiolezo kilichopunguzwa halirudi tena kuwa zima.

Eleza pia vipuri mbadala vinavyokubalika na visivyokubalika, na utoe sababu. Nitakupa mfano mmoja unaojirudia sana. Baadhi ya pedali huhitaji volteji kubwa kuliko 9, au volteji hasi, na huipata kwa chipu ya kuzidisha volteji kama TC1044S. Chipu hiyo, mguu wake wa kwanza ukiunganishwa na volteji chanya, hutetema kwa kilohezi 45 hivi (mara elfu 45 kwa sekunde), juu ya uwezo wa sikio la binadamu, ambalo haliendi zaidi ya kilohezi 20. Mteja anayetafuta unafuu atanunua ICL7660 ya kawaida, ambayo inafanana nayo kwa umbo na kwa miguu mingine yote, lakini haina huduma hiyo kwenye mguu wa kwanza. Itatetema kwa kilohezi 10, na pedali itapiga mluzi mwembamba usiokoma. Tena ICL7660 haistahimili zaidi ya volti 10, kwa hiyo siku mwenyewe atakapochomeka adapta ya volti 12 akiamini kwamba umeme mwingi ni sauti nyingi, chipu inaweza kufa papo hapo. Sentensi mbili kwenye hati zingezuia mikasa yote miwili.

Jedwali la volteji nalo lisikose. Jaza bodi moja, ipe umeme wa volti 9 uliopimwa, kisha andika volteji ya kila mguu wa kila chipu na kila transista. Mteja aliyekwama atapima na kulinganisha, na mara nyingi atalitambua tatizo mwenyewe kabla hajakuandikia. Opampu inayotumia volti 9, kwa mfano, kwa kawaida huwa na karibu volti 4.5 kwenye mguu wa kutolea; akikuta 8 au 0, anajua pa kuanzia kutafuta.

Kuhusu bei, kosa la kawaida ni kuchukua gharama ya kiwandani na kuizidisha kwa mbili. Tufanye hesabu kwa vizio visivyo vya fedha yoyote, uviweke wewe kwenye fedha yako. Tuseme bodi moja kiwandani ni vizio 10. Usafirishaji mpaka kwako pamoja na forodha ni 5. Mifano miwili ya majaribio na vipuri vya kuijaza viligharimu 350. Ukizigawa kwa bodi hamsini za kwanza, ni 7 kwa kila moja. Bahasha, lebo na karatasi ni 3. Ada ya mfumo wa malipo, kwa bei ya vizio 60, tuseme ni 4. Tenga 2 kwa ajili ya vifurushi vitakavyopotea na bodi utakazozibadilisha. Jumla ni 31, kabla hujalipa hata saa moja ya kazi yako. Aliyeuza kwa 20 kwa kuwa kiwanda kilimtoza 10 anawalipa wateja wake wachukue bodi. Ukiuza kwa 60, zinabaki 29, na hizo ndizo zinazolipa uchoraji, uandishi wa hati, ufungaji wa vifurushi na ujumbe wa saa nne usiku. Ada ya posta itoze kando, na kwa bei halisi. Ukiificha ndani ya bei ya bodi, anayenunua moja atanyonywa na anayenunua sita atakunyonya.

Usishindane kwa bei ya chini. Kwa mteja, bodi ni sehemu ndogo ya gharama ya pedali nzima: kasha, swichi ya mguu, jeki na potenshiomita huzidi bei yake kwa mbali, na muda wake wa kulehemu ni wa thamani zaidi. Nafuu ya vizio vichache haimvuti kama anavyovutwa na sifa kwamba bodi zako huwaka mara ya kwanza.

Kuagiza upya kuna hesabu yake pia. Ikiwa bodi fulani inauza tano kwa wiki, na kutoka siku ya kuagiza mpaka kupokea ni wiki tatu, basi zitauzwa kumi na tano ukiwa unasubiri; ongeza kumi za tahadhari, na uagize pindi akiba inapofika ishirini na tano. Kama kiwanda chako kiko China, kumbuka kwamba Mwaka Mpya wa huko, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari au baada yake kidogo, husimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Agiza mapema, kwa kuwa foleni huanza kujaa kabla ya sikukuu yenyewe.

Nije kwenye swali lako la kunakili, ambalo watu hulijibu ama kwa woga uliopitiliza ama kwa uzembe. Hapa kuna haki tatu tofauti, na ni vizuri zisichanganywe. Hataza hulinda uvumbuzi, na katika nchi nyingi hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa kwa ombi. Saketi za miaka ya 1960 hadi ya 1980, hata zile zilizowahi kuwa na hataza, zimeshatoka katika ulinzi huo. Hakimiliki hailindi namna saketi inavyofanya kazi, bali hulinda mchoro kama ulivyochorwa, mpangilio wa picha, maandishi, na programu iliyo ndani ya chipu. Kwa hiyo unaweza kuichunguza saketi ya zamani na kuichora upya kwa mkono wako, lakini huwezi kuchukua faili ya bodi ya mwenzako ukabadilisha rangi, wala kunakili aya za hati yake, wala kuchukua mchoro uliotolewa kwa masharti ya kutouzwa ukaufanya mtaji. Haki ya tatu ni alama ya biashara, na hiyo haizeeki maadamu mwenyewe anaitumia na kuitunza.

Hapo kwenye alama ndipo wengi huumia. Mwaka 2024 Bill Finnegan, mbunifu wa pedali ya Klon Centaur iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, alifungua kesi nchini Marekani dhidi ya kampuni inayomiliki chapa ya vifaa vya muziki ya Behringer, baada ya Behringer kutoa pedali ya bei nafuu iliyotumia jina na sura ya ile ya kwake. Saketi ya Centaur ilikuwa imeshanakiliwa na watu wengi kwa miaka mingi, ingawa yeye aliifunika kwa epoksi ili isionekane. Lalamiko lilihusu jina, alama na mwonekano, na pedali ile ikabadilishwa jina. Ikiwa kampuni kubwa yenye mawakili inafikia hapo, wewe usiiite bodi yako kwa jina la pedali ya mtu. Ipe jina ulilolibuni mwenyewe, kisha kwenye maelezo useme kwa unyoofu kwamba imejengwa juu ya saketi ya aina fulani. Zaidi ya sheria kuna adabu: kama pedali inatengenezwa hadi leo na mtu mmoja au wawili katika karakana ndogo, iache, hata kama hakuna hataza inayokuzuia. Kampuni kubwa hazitatikisika kwa bodi zako hamsini, lakini mbunifu mdogo atatikisika, na jamii ya wanaojiundia pedali ni ndogo kiasi kwamba habari zitakufikia kabla ya malipo. Kwa bodi yoyote unayoitilia shaka, muulize mwanasheria wa nchi unakouzia.

Seti kamili zenye vipuri vyote zina mvuto, kwa kuwa mauzo ya kila oda huonekana makubwa. Mimi nakushauri usubiri. Seti ya ovadraivu ya kawaida ina vipande arobaini au zaidi, na rezista moja ikikosekana mfukoni, seti nzima inahesabiwa mbovu. Gharama ya kutuma rezista hiyo itameza faida yote. Pia utalazimika kulaza mtaji kwenye thamani ambazo hutumika kidogo kidogo. Kuna njia ya katikati: uza bodi pamoja na kile kipuri kimoja au viwili ambavyo mteja hupata taabu kuvipata. Transista mbili za jemaniamu zilizopimwa na kuoanishwa, zikiambatana na kikaratasi kinachoonyesha ukuzaji wake na kiasi cha uvujaji, zina thamani kubwa kwa aliyeshindwa na jozi tatu za kubahatisha, na kuzipima ni kazi ya jioni moja. Pedali iliyokamilika, yaani iliyofungwa kwenye kasha, ni biashara nyingine kabisa, kwa sababu katika nchi nyingi kifaa kilichokamilika huingia kwenye kanuni za mwingiliano wa mawimbi na za utupaji wa taka za kielektroniki.

Wateja waliokwama watakuja hata ukiandika hati nzuri kiasi gani. Waombe mara moja vitu vitatu: picha kali za pande zote mbili za bodi, volteji walizozipima, na maelezo ya wanachokisikia. Picha pekee humaliza kesi nyingi. Utaona lehemu iliyokunyata kama tone juu ya pedi bila kushika, chipu iliyogeuzwa, au rezista yenye rangi ya kahawia, nyeusi na nyekundu, ambayo ni 1k, ikiwa imekaa mahali pa kahawia, nyeusi na njano, ambayo ni 100k. Picha isiposema kitu, mfundishe kutengeneza kichunguzi cha sauti: kapasita ya nanofaradi 100 iliyounganishwa na waya unaokwenda kwenye amplifaya, ambayo ncha yake anaigusisha hatua kwa hatua kwenye saketi mpaka afike mahali sauti inapopotelea. Weka wazi tangu mwanzo kwamba dhamana yako ni ya bodi, si ya kazi ya mikono yake. Hata hivyo, makosa yakijirudia mahali pamoja kwa wateja watatu wasiojuana, acha kuwalaumu. Bodi au hati ndiyo inayowapotosha.

Kuhusu kutuma mizigo sina mengi. Bodi ni nyepesi, zinaenea kwenye bahasha ngumu, na bodi tupu hazihitaji mfuko wa kuzuia umeme tuli. Kwenye fomu za forodha zinaingia chini ya namba 8534, ambayo ni ya saketi zilizochapwa, na uandike thamani halisi hata mteja akikusihi uipunguze. Namba ya ufuatiliaji iwe ya lazima kwa oda yoyote ambayo kuipoteza kutakuuma.

Kuacha ajira ni suala la hesabu ile ile tuliyoifanya juu. Tuseme matumizi yako ya mwezi ni vizio 6,000 na kila bodi inakubakizia 29. Unahitaji kuuza bodi 207 kwa mwezi, yaani takriban 48 kwa wiki. Michoro mitatu ni nadra kufikisha idadi hiyo, kwa maana anayejiundia pedali hujaza bodi moja ya aina moja kisha hutafuta nyingine, hivyo utahitaji wateja wapya wasiokoma au michoro mipya iliyopitia majaribio yote niliyoyaeleza. Ongeza vifurushi arobaini na nane vya kufunga kila wiki, pamoja na maswali yake, na utaona kwamba muda wa kubuni, ambao ndio uliokuleta huku, ndio unaoliwa kwanza. Endelea na ajira mpaka bodi zako mbili ziwe zimemaliza shehena ya pili na kuagizwa ya tatu kutokana na fedha zake zenyewe, kisha uchukue wastani wa faida ya miezi kumi na miwili, ukiwemo msimu wa mauzo hafifu, uuweke kando ya hiyo 6,000 yako. Pengo likiwa bado ni kubwa, punguza siku za ajira kama mwajiri anakubali, lakini usiitoe biashara kwenye kiwango ambacho unaweza kuijibu kila barua wewe mwenyewe.